Injini Isiyo na Jina: Namna ya Kuitambua, Pamoja na Giaboksi Yake, Kabla ya Kuitia kwenye Pikapu ya Zamani

Ukiingia Grogan au Kariobangi Light Industries, Nairobi, kutafuta injini ya dizeli ya pikapu ya zamani, utauziwa jina kabla ya kuuziwa chuma. "Hii ni 3L, boss, imetoka kwa matatu juzi tu." Vuka barabara, utaonyeshwa nyingine inayofanana na ile kama shilingi kwa ya pili, ila hii inaitwa 5L na bei yake imepanda. (3L na 5L ni majina ya injini za dizeli za Toyota.) Si lazima muuzaji awe anakudanganya. Mara nyingi naye alipewa jina hilo na aliyemletea mzigo. Lakini wewe ndiwe utakayenunua ringi, gasketi na beringi kwa jina hilo, na siku ya kubadilisha logbook, yaani hati ya usajili wa gari, ni wewe utakayeulizwa.

Ugumu wenyewe uko hapa: injini nyingi zilizozunguka Nairobi kwa miaka kumi na zaidi si kitu kimoja tena. Bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, ni ya gari hili, hedi inayoifunika kwa juu ilipasuka ikaletwa ya gari lile, pampu ya dizeli ikatoka kwa la tatu, na giaboksi ilikuwa imelala tu karibu pale duka lilipofungwa. Kwa hiyo swali la "hii ni injini gani?" halina jibu moja. Kuna maswali manne: bloku ni ya nini, hedi ni ya nini, pampu ni ya nini, giaboksi ni ya nini. Kila moja lina ushahidi wake, na jibu la moja halithibitishi lingine.

Anza na gari lako mwenyewe, kabla hujatoka nyumbani. Kwa Toyota, herufi za mwanzo za namba ya chesisi zinasema lilizaliwa na familia gani ya injini. Chukua Hilux ya mwishoni mwa miaka ya 1970 yenye chesisi inayoanza na RN40. R ni familia ya injini, ya petroli. N ni Hilux. 40 ni toleo la bodi. Ndugu yake LN40 ni bodi ileile iliyotoka kiwandani na dizeli ya familia ya L. Land Cruiser hutumia J: FJ45 ilikuja na petroli ya silinda sita ya familia ya F, HJ47 ikaja na dizeli ya 2H yenye cc 3980. Hiace ni H mwishoni, ndiyo maana utaona LH, RZH, KDH na TRH. Hilux za katikati ya miaka ya 2000 zikawa KUN kwa dizeli ya KD na TGN kwa petroli ya TR.

Hiyo si elimu ya kujionyeshea. Mwenye RN40 akijua kwamba kiwanda chenyewe kiliwahi kutengeneza LN40, anajua kwamba vishikio vya injini, giaboksi na nafasi ya redieta kwa injini ya L kwenye fremu hiyo viliwahi kuwepo kama spea halali. Kazi yake ni kutafuta, si kubuni. Anayetaka kutia injini ambayo kiwanda hakikuwahi kuiweka kwenye bodi ile atalipa mchomeleaji, atalipa fundi wa leithi, kisha atalipa tena mambo yasipokaa sawa.

Kama unanunua hafukati, yaani nusu ya mbele ya gari iliyokatwa Japani na kuletwa nzima, una bahati: kibati cha kiwanda huenda bado kiko kwenye ukuta wa chumba cha injini. Kina mstari wa ENGINE, mstari wa MODEL na mstari wa TRANS/AXLE unaotaja giaboksi na ekseli. Kipige picha kabla mtu hajashika spana. Injini ikishateremshwa, hafukati huenda kwa wauza vyuma vikuukuu na kibati kikaenda nayo.

Wengi wetu hatupati hafukati. Tunapata bloku nyeusi iliyoganda oili na vumbi.

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hulichanganya. Bloku ina aina mbili za namba. Kuna namba zilizomiminwa pamoja na chuma, ambazo zimeinuka juu ya uso na zina ukingo wa mviringo. Hizo ni za kiwanda cha kumimina, na kalibu moja huweza kutumika kwa injini zaidi ya moja. Halafu kuna namba iliyogongwa kwa nyundo au mashine juu ya kibamba kidogo kilichopigwa randa kikawa bapa. Hii imezama ndani ya chuma, na ndiyo namba ya injini. Kwa Toyota za enzi hizo hugongwa jina la injini kwanza kisha tarakimu za mfululizo, kwa hiyo ukisoma 2L au 22R pale mwanzoni, bloku imejitaja yenyewe. Kibamba hicho mara nyingi kimejificha chini ya manifoldi au nyuma ya pampu, na uchafu hukijaza kabisa.

Usikikwangue kwa bisibisi. Paka mafuta ya taa, acha yalowe, futa kwa kitambaa, rudia. Kikikauka, sugua chaki nyeupe juu yake kisha pangusa kwa kiganja: chaki hubaki ndani ya herufi na namba inasomeka hata kwa simu ya kawaida. Wakati huohuo tazama uso wenyewe. Randa ya kiwanda huacha mistari myembamba inayokwenda upande mmoja. Ukiona mikwaruzo ya grainda inayozunguka, au tarakimu zilizosimama kombokombo huku moja imezama kuliko nyingine, rudisha kitambaa mfukoni na uage. Hakuna bei nafuu inayofidia injini iliyosagwa namba.

Ukiwa umeipata namba, umeijua bloku tu. Hedi na pampu bado.

Toyota wana utaratibu wa namba za spea unaosaidia sana, na nashangaa mafundi wachache tu huutumia. Namba huwa na tarakimu tano, kistari, kisha tano nyingine. Tano za kwanza husema ni kitu gani: 11101 ni hedi, 11401 ni bloku, 22100 ni pampu ya dizeli. Mbili za kwanza baada ya kistari hutaja familia ya injini. 54 ni familia ya L. 35 ni ya R, kama 22R. 17 ni 1HZ. 67 au 69 ni 1KZ. 30 ni KD. 75 ni RZ. Kwa hiyo pampu yenye kibati cha 22100-54 na kuendelea ni ya L, hata kama imefungwa kwenye kitu kinachoitwa jina lingine. Angalizo moja: utaratibu huo wa mbili za kwanza hubadilika kwenye vitu vinavyofuata bodi badala ya injini. Kompyuta ya injini huanza na 89661, na 35 baada yake hapo humaanisha jamii ya Hilux, 60 humaanisha Land Cruiser. Ukiisoma 35 ya kompyuta kama 35 ya injini utapotea.

Sasa tuje kwenye ile 3L ya Grogan. Familia ya L ndiyo yenye utata mkubwa Nairobi, kwa sababu Hiace za matatu zilizitumia kwa miaka mingi na 2L, 3L na 5L kwa nje hazitofautiani kwa jicho la mnunuzi. 54 ya pampu itakwambia ni L, basi. Kama kibamba cha namba kimeliwa na kutu, kinachobaki ni kupima.

2L ina kipenyo cha silinda cha milimita 92 na mwendo wa pistoni wa 92, inatoa cc 2446. 3L ni 96 kwa 96, cc 2779. 5L ni 99.5 kwa 96, cc 2986. Ziangalie tena. 3L na 5L zina mwendo uleule, zinatofautiana kipenyo. 2L ina mwendo wake peke yake. Maana yake ni kwamba unaweza kujua kama "3L" uliyoonyeshwa kwa kweli ni 2L bila kugusa hedi. Fungua sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, geuza injini chali kwenye stendi. Weka rula ya chuma iliyonyooka kando ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krankshafti, shafti kuu ya injini), kuvuka uso ambao sampu huukalia. Zungusha krankshafti kwa spana hadi kifuniko cha konrodi ya kwanza kizame mwisho wake, pima kwa kalipa kutoka kwenye rula. Zungusha nusu duara, kifuniko kije karibu nawe kabisa, pima tena. Toa kipimo kidogo kwenye kikubwa. Kama mara ya pili kifuniko kimetokeza nje ya rula, jumlisha badala ya kutoa. Jibu ndilo mwendo wa pistoni. Likija 92, huo ni 2L, na bei ishuke. Likija 96, ni 3L au 5L, na hapo hakuna njia ya mkato: hedi itoke, kipenyo kipimwe. Usiogope bloku iliyokerezwa kwa pistoni za ovasaizi, kwa sababu nusu milimita au milimita nzima haitoshi kuifanya 96 ifanane na 99.5.

Muuzaji atakataa kufungua sampu? Wengine watakataa. Wengi watakubali ukiacha kitu kidogo cha kumshika mkono fundi, na faida nyingine ya kufungua sampu ni kuona kama kuna vipande vya beringi vimelala chini.

Njia hiyohiyo inafanya kazi kwa Isuzu, tena vizuri zaidi. 4JA1 na 4JB1 zina kipenyo kimoja, milimita 93. Mwendo wa 4JA1 ni 92, wa 4JB1 ni 102, ndiyo maana moja ni cc 2499 na nyingine 2771. Tofauti ya sentimita nzima haionekani kwa nje, ila kwa kalipa huwezi kuikosa. Majina ya Isuzu yenyewe ni rahisi: tarakimu ya kwanza ni idadi ya silinda. Mitsubishi nao huanza na idadi ya silinda, kisha mara nyingi D kwa dizeli au G kwa petroli, kwa hiyo 4D56 na 4G54 zinajieleza. Nissan walifuata njia nyingine: namba baada ya herufi za mwanzo ni ukubwa, TD27 ikiwa lita 2.7 na TD42 lita 4.2. Herufi zao lakini zina mtego. D ya TD27 ni dizeli, na T iliyo mbele si turbo, ni sehemu ya jina la familia. Turbo ya Nissan hukaa mwishoni, kama kwenye TD27T.

Toyota nao huweka sifa mwishoni, baada ya kistari: T ni turbo, E ni mafuta yanayoongozwa na umeme, F na G hueleza aina ya hedi yenye kamshafti mbili, V kwenye dizeli za FTV ni mfumo wa komonreli, yaani bomba moja la shinikizo linalogawia nozeli zote. Herufi hizi zinaweza kukugharimu kuliko kosa la 2L na 3L. Tazama: 1KZ-TE ni cc 2982. 1KD-FTV ni cc 2982 pia, kipenyo na mwendo vikiwa vilevile, 96 kwa 103. Mtu akikwambia "ni dizeli ya three litre", anaweza kuwa anamaanisha yoyote kati ya hizo mbili, au 5L. 5L ya kawaida hudunda kwa pampu ya kimakanika. Mpe dizeli na waya wa kuzimia, itawaka. 1KZ-TE inahitaji kompyuta yake na nyaya zake. 1KD-FTV inahitaji kompyuta, nyaya, sensa za kila namna na mara nyingi ufunguo ulioandikishwa kwenye kompyuta hiyo. Kuzitenganisha ni rahisi: kwenye 1KD kuna bomba nene la chuma linalolala kando ya hedi na vibomba vifupi vinavyokwenda kwa kila nozeli, ilhali 1KZ ina pampu ya kuzunguka yenye vibomba virefu vinne na soketi za nyaya mgongoni mwa pampu. Ushauri wangu, na wapo watakaobisha, ni kwamba pikapu iliyotengenezwa kabla ya 1985 isitiwe injini ya kompyuta ila kama umenunua hafukati nzima. Nyaya zilizokatwa kwa kisu na kufungwa na utepe mweusi zimewalaza watu wengi Mlolongo usiku.

Giaboksi.

Watu huiangalia kwa nje, wakaona ganda la mbele linalofunika klachi limekaa vizuri kwenye injini, wakasema hii ni giaboksi yake. Kwenye giaboksi nyingi za Toyota za familia za W, G na R, ganda hilo, belihauzi, ni kipande tofauti kilichofungwa kwa bolti. Linaweza kutolewa na kuwekwa lingine. Kwa hiyo belihauzi inakwambia inaingia kwenye injini gani, haikwambii nyuma yake kuna giaboksi gani.

Cha kufanya ni kuhesabu. Weka gia ya kwanza. Chora alama ya chaki kwenye shafti ya kuingilia na nyingine kwenye ya kutokea. Zungusha ya kuingilia kwa mkono huku mwenzako akihesabu ya kutokea ikifika mizunguko kumi kamili. Kama ni ya magurudumu manne, hakikisha transifa, giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma, iko kwenye gia ya juu, la sivyo utapata hesabu ya ajabu. R150F itakula mizunguko kama 38 ya kuingilia, kwa sababu gia yake ya kwanza ni 3.830. R151F itakula 43, kwa kuwa ni 4.313. Kwa nje ni ndugu, na F mwishoni mwa zote mbili humaanisha magurudumu manne. Lakini ya pili ndiyo Toyota waliifunga nyuma ya dizeli za turbo kama 1KZ. H55F ya Land Cruiser, ile ambayo kila mwenye HJ47 ya gia nne anaiota, hukaribia 48. Ukipata hesabu isiyolingana na jina uliloambiwa, amini hesabu.

Kisha hesabu meno ya spilaini kwenye shafti ya kuingilia. Giaboksi za Hilux za enzi ya 22R zina 21. Njia ya haraka zaidi ni kubeba plati ya klachi unayotarajia kuitumia na kuijaribu palepale dukani. Ikiteleza bila kulazimishwa na bila kuyumba, sawa. Ncha ya shafti nayo lazima iingie kwenye kiberingi kidogo kilichoko katikati ya mwisho wa krankshafti. Kosa la hapo ni la milimita chache na huua giaboksi polepole.

Nissan waliandika jibu kwenye jina. FS5W71C ina gia 5, na 71 ni umbali wa milimita kati ya shafti mbili za ndani. Kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo giaboksi inavyobeba zaidi. Datsun 1200 ilikuja na F4W56, gia nne. Mwenye Datsun hiyo akitaka kuweka 71 ajue mapema kwamba anatia kitu kikubwa kuliko tumbo la gari.

Giaboksi iliyotoka kwenye Hiace ina shida yake nyingine. Injini ya Hiace hukaa chini ya viti vya mbele, kwa hiyo gia zake huvutwa kwa kebo au vyuma vya pembeni, si kwa mkono unaosimama juu ya giaboksi. Meno ya ndani yanaweza kuwa ndiyo unayoyataka kabisa, na bado ukakosa pa kuweka mkono wa gia. Sampu ya injini ya Hiace nayo huweza kuwa na tumbo mahali ambapo pikapu yako ina ekseli au kiunzi. Pima, usikadirie: kutoka uso wa belihauzi hadi katikati ya mkono wa gia, na kutoka hapo hadi kishikio cha nyuma. Linganisha na tundu la sakafu ya gari lako. Propela, shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma, itafupishwa au kurefushwa kwa vyovyote, na ni lazima isawazishwe baada ya kukatwa.

Za otomatiki nitazipita. A340E na jamaa zake zinaongozwa na kompyuta, na nimeshasema langu kuhusu kompyuta.

Ukishafika hapo, rudi kwenye namba iliyogongwa kwenye bloku. Logbook ya Kenya ina namba ya injini, ukubwa wake kwa cc na aina ya mafuta, kwa hiyo RN40 ya petroli iliyotiwa 3L imebadilika mistari mitatu kwa mpigo. Mabadiliko hayo huwasilishwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na gari kupelekwa ukaguzi, na kwa walio Nairobi kituo kiko Likoni Road, Industrial Area. Mkaguzi atataka kuiona namba kwa macho. Kabla fundi hajafunga manifoldi na mabomba ya redieta, hakikisha kibamba kitafikika kwa tochi baada ya injini kukaa mahali pake. Kama hakitafikika, kipige picha kikiwa safi pamoja na sehemu ya bloku inayokizunguka. Risiti ya duka iandikwe namba hiyohiyo nzima, si neno "engine 3L" peke yake, pamoja na jina na namba ya kitambulisho cha aliyekuuzia. Akisema risiti yenye namba ya injini ni bei tofauti, umepata taarifa moja ya ziada kuhusu injini hiyo.